Milindakaa Niliyoing'oa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mbukwa! Goti la baba linaendeleaje? Na uwele wa huko kwetu Haneti umeshatoa masuke? Mimi huku Kilwa ni mzima, nimezidi weusi na nimejifunza kula pweza.

Cheka kwanza, halafu unihurumie. Wiki yangu ya kwanza hapa nyumba ya wageni, meneja aliniambia nisafishe ufukwe. Nikaona majani ya kijani yametambaa mchangani kama ya matikiti. Mtoto wa jembe, Mama! Nikachukua jembe, nikang'oa mstari mzima, nikarundika juani.

Mara kaa wakatoka mashimoni, wakawa wanakimbia huku na huku. Bi Mwanaidi, mpishi wetu, akaja mbio na mwiko mkononi.

"Nyemo! Umewabomolea wenzio nyumba!"

"Kwani si magugu haya?"

"Magugu! Hiyo ni milindakaa!"

Akanieleza. Mlindakaa una sura ya mmea lakini hauna mizizi. Hushikilia mdomo wa shimo la kaa. Bahari ikijaa, hujikunja na kuziba, mchanga usilifukie shimo. Kaa naye huulisha mwani. Mmoja akiondoka, mwenzake hadumu.

Nikafanya kama tunavyofanyia miche jua likiwaka: nikailowesha, nikaifunika kwa makuti. Nilipotaka kuirudisha mashimoni, Bi Mwanaidi akanishika mkono.

"Wewe hujui upi ni wa nani. Wao wanajua."

Tukasogea kando, tukangoja. Kaa wa kwanza akaja, akapapasa, akaipita miwili, akauburuta wa tatu hadi kwake. Wengine wakafuata. Kufika alasiri yote ilikuwa imerudi, isipokuwa mmoja uliokuwa umeshakauka. Huo niliufukia mwenyewe, na machozi yalinitoka.

Meneja aliporudi, nilimwambia kabla hajauliza. Aliniangalia weee, kisha akasema, "Basi kuanzia leo wewe ndiye mlinzi wa milindakaa. Hilo jembe lipeleke stoo."

Sasa wageni wakija kuitazama, mimi ndiye ninayewaeleza. Huanza na kosa langu. Wanacheka, halafu wanatembea taratibu, wakitazama wanapokanyaga.

Msalimie sana baba, na shangazi wa mtaa wa Kikuyu aliyenilea nikisoma. Kaka Mbeleje, mchunga mifugo wetu, mwambie kaa hawahitaji fimbo. Jioni kila mmoja anarudi kwake mwenyewe, na mimi nabaki nimekaa tu, nakula embe.

Ni mimi binti yako,
Nyemo