Ujumbe wa Neema Nimeusoma Mwenyewe

Baba Neema,

Usishtuke. Ni mimi mkeo ninayeandika, kwa mkono wangu. Mwandiko unapanda na kushuka, lakini ni wangu!

Tangu tukuzike, simu yako nimebaki nayo mimi. Ujumbe ukiingia, nilikuwa namkimbilia jirani yetu Mama Jeska anisomee. Alisoma vizuri, Mungu ambariki, ila mdomo wake hauna mlango. Siku Neema wetu alipoandika kutoka kwa mumewe, kule kijiji cha Nyarubungo, kwamba amekwenda tena hospitali kwa sababu hapati mtoto, jioni ile ile Kanazi nzima ilikuwa inalijadili tumbo la mwanangu kisimani. Nililia sana. Wewe ulikuwa ukinisomea unaruka maneno mabaya. Nilijua tu, uso wako haukuwahi kujua kudanganya.

Basi mwalimu wa darasa la kwanza wa shule yetu ya hapa akatuita watu wazima tusiojua kusoma. Watoto wakishatoka, anatupa vishikwambi vyao, na daftari la kunakili maneno. Unagusa neno, sauti inakusomea. Ukilisahau unagusa tena, na chenyewe hakichoki wala hakikucheki. Siku ya kwanza niligusa, sauti ikasema, "Mama." Nikaitika kwa nguvu, "Abee!" Darasa zima hoi kwa kicheko, na mimi nikacheka mpaka kitenge kikanilegea. Ungekuwepo ungenitania mpaka leo.

Hata Kiingereza nimekionja. Hadithi inasomwa taratibu, kila neno linawaka rangi likifikiwa, nami nafuata kwa kidole. Kumbe mbuzi ni gouti! Wetu siku hizi nawafokea kwa Kiingereza wakiingia kwenye migomba.

Sasa sikia. Jana napalilia maharage, simu ikalia. Miguu ikataka kwenda kwa Mama Jeska, nikaikatalia. Nikaketi pale pale kwenye tuta, nikaanza silabi moja moja, nikifuata kwa kidole. Nikafika mwisho. Nikarudia, nisije nikawa nimejidanganya. Neema ameandika hivi: "Mama, nina mimba. Usimwambie mtu."

Baba Neema! Kigelegele kilinitoka, nikakiziba kwa kiganja chenye udongo.

Pumzika, mume wangu. Nakuahidi nitaitunza siri hii mpaka tumbo lenyewe liseme, na mjukuu wako akizaliwa nitamsomea hadithi mimi mwenyewe. Jirani akiuliza mbona natabasamu, nitamwambia maharage yamekubali. Nimekuambia wewe peke yako, kwa kuwa najua hutamwambia mtu.