Fahali wa Baba Anatazama Kulia

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Sanwalabad, Wilaya ya Larkana
Tarehe 27 Machi 2025, saa 5:10 asubuhi

Jina: Sorath binti Punhal Khaskheli. Umri: miaka 14. Kazi: mwanafunzi, darasa la nane. Makazi: kijiji cha Sanwal.

Naeleza kuhusu mhuri wa jiwe aliokutwa nao baba yangu leo saa 1:30 asubuhi, aliposhuka kwenye basi la Karachi. Anadaiwa kuuiba kwenye magofu ya mji wa kale wa Mohenjo-daro.

Baba huchonga mawe ya makaburi huko Karachi. Sijamwona kwa miezi kumi na minne. Mnamo tarehe 20 Januari 2024, kabla hajaondoka, nilimsomea kitabu changu cha historia. Watu wa kale walifunga mizigo kwa kamba, wakabandika udongo kwenye fundo na kuugonga mhuri, ili mpokeaji ajue nani katuma na kama mzigo umefunguliwa njiani. Baba alisema, "Basi na mimi nitakufungia hivyo."

Tangu Februari alituma furushi kila mwezi, ndani mna kalamu au bangili, fundoni donge la udongo lenye alama ya fahali. Konda Bachal wa basi la Karachi, aliyeniletea, alikuwa akinitania, "Shika. Fahali wako amesafiri bure tena, na siti ya dirishani anaitaka."

Alama ya kwanza ilinichekesha. Kitabuni, kwenye picha ya alama ya mhuri wa kale, fahali wa pembe moja anatazama kushoto. Wa Baba alitazama kulia. Alikuwa amenakili picha ya alama moja kwa moja juu ya jiwe, kama achongavyo jina la marehemu, akasahau kwamba mhuri huchongwa kinyume. Nilimwambia kwa simu. Akajibu, "Mwache, mwanangu. Huyo amegeuka arudi nyumbani."

Madonge yote kumi na matatu ninayo. Nimeyaleta kwenye kopo la biskuti. Yote yana ufa mdogo kwenye ncha ya pembe. Naomba mhuri uliokamatwa ugongwe kwenye udongo, ulinganishwe.

Ninapoeleza haya namsikia Baba akikohoa chumba cha pili. Alipoondoka hakuwa na kikohozi.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Nimesomewa, ni ya kweli.

Sahihi: Sorath P. Khaskheli

Maandishi ya askari: Nimegonga mhuri kwenye udongo saa 5:40 mbele ya shahidi. Fahali anatazama kulia, ufa upo. Mtuhumiwa ameachiwa saa 5:55. Shahidi ameomba apewe donge hilo, liwe la kumi na nne. Nimemruhusu baba yake amkabidhi mwenyewe, mkononi.

Mehrab Jatoi, Mkaguzi Msaidizi