Jina Nililompa Mtoto wa Mounira

Kasongo, Maniema
Tarehe 18 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi Djamila,

Kabla hata ya salamu, naomba nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Mwezi uliopita niliwadanganya madaktari. Niliweka sahihi kwamba mimi ni mama wa mtoto wa kaka Moussa, kisha nikampa mtoto jina. Nimeshaliandika, sasa naweza kukusalimu.

U hali gani huko Lubumbashi? Mgongo umepungua kuuma? Sisi ni wazima, mvua haijaanza. Mimi nimemaliza shule na nangojea matokeo ya mtihani wa serikali.

Kwenye simu hawakukuambia kwamba yule mtoto alizaliwa mdomo wa juu umepasuka mpaka puani. Hata majirani hawakuambiwa. Siku ya saba ilipofika, Baba mkubwa Yakubu alisema hawezi kuwaita watu wa msikiti kula nyama ya akika na kumtazama mtoto wa namna ile. Nisamehe, ni kaka yako, lakini maneno yake ni haya: "Jina litangoja mpaka mdomo ufunge." Kana kwamba ni kidonda. Miezi saba tulimwita "huyu". Mama yake, Mounira, alikamua maziwa yake na kumlisha kwa kijiko katika chumba cha nyuma, na wanaume wakala wali barazani wakizungumza dini.

Kisha redio ikatangaza kwamba madaktari wa kushona midomo wanakuja kwenye hospitali moja ya hapa, siku tano, bila malipo. Kaka Moussa akapiga simu kutoka Salamabila, anakochimba dhahabu: "Mounira, ukimutoa mutoto inje watu wamuone, rudi kwenu." Mwanamume anayeshuka shimoni kila siku, anaogopa mdomo wa mtoto.

Tulitoka siku ya pili, tukisema tunakwenda sokoni. Siku ya kwanza, tuliambiwa mstarini, hakupasuliwa mtoto hata mmoja. Wakubwa walikuwa wakihutubia na kupigwa picha, kila mmoja amebeba mtoto wa mtu mwingine. Picha ikiisha, mtoto anarudishwa kama sahani.

Langoni Mounira aliogopa kuonwa. Akaketi kwa wanawake wanaokaanga mikate, akanikabidhi mtoto. Anadhani nilisema mimi ni shangazi wa mtoto, na kweli nilitaka kusema hivyo. Lakini mbele yangu alikuwa mama mzee mmoja, Émérance, aliyetoka Kabambare siku mbili juu ya pikipiki na mjukuu wake. Mwandishi wa daftari la wagonjwa akamwondoa: "Nyanya hawezi kusaini. Ni mama ao baba tu. Mwingine!" Mama wa mtoto yule alikufa akimzaa, na mwandishi hakuuliza.

Ikawa zamu yangu.

"Weye ni mama yake?"

Nikasema ndiyo. Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni. "Mutoto kama weye. Na bwana iko wapi?"

"Salamabila."

Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Wote wako Salamabila," na mstari mzima ukacheka.

"Mutoto anaitwa nani?" Nikamtazama mtoto. "Hata jina haujui? Ulimuokota?"

Nikasema Yassine. Ni jina la marehemu baba yangu, ndugu yako, ambaye hakumwonea aibu mtoto wake yeyote hata siku moja.

Walimshona asubuhi hiyo. Mounira alilala kwa wale wanawake wa mikate, mimi nikalala wodini. Tuliporudi, Baba mkubwa alikuwa tayari kufoka. Akaona mdomo, akaitisha maji ya kutawadha. Ijumaa akawaeleza watu msikitini jinsi alivyoomba dua mpaka ikajibiwa. Sasa kaka Moussa amekuja na mbuzi, anasema yeye ndiye aliyewatafuta madaktari. Akika ni wiki ijayo, na mtoto ataitwa Yakubu. Baba mkubwa amekubali heshima hiyo kwa unyenyekevu.

Nawadharau, Shangazi. Nawamwagia maji wanawe mikono, nainamisha kichwa, nasema ndiyo baba. Lakini nawadharau.

Ningekwisha kusema kweli, ila mdomo ni nusu tu ya kazi. Kaakaa la mtoto bado liko wazi, maziwa yanatokea puani. Madaktari watarudi mwaka kesho, na wataanza na wale walioandikwa. Kwenye daftari lao hakuna Yakubu. Kuna Yassine, na mama yake ni mimi. Kadi waliyonipa ya kurudi nayo nimeificha ndani ya daftari langu la jiografia. Wanaume wa nyumba hii wakiiona wataichana kwa ajili ya heshima yao, na mtoto ataendelea kusongwa na maziwa.

Nisalimie Bwana Djamali na binti yako Mwamini. Mungu akuondolee maumivu na akupe usingizi mzuri.

Barua hii ukiisha kuisoma, ichome. Watakupigia simu kukualika kwenye akika. Wape hongera ya Yakubu mdogo, uulize habari za mbuzi, na usiseme zaidi.

Ni mimi mtoto wako nikupendaye,
Amisa