Bangili ya Posa

Msimbu, Kisarawe
14 Agosti 1954

Mdogo wangu Twalibu,

Sisi hatujambo, na mikorosho imechanua vizuri.

Uliniuliza kwa nini nimeahirisha arusi ya mwanao Kibwana na binti yangu Tatu. Mkono wa Tatu ulitoka vipele, kisha ngozi ikabadilika rangi. Nilidhani ni ukoma, nikashindwa kukuandikia.

Jana nilimpeleka kwa daktari mmoja mwanamke. Aliipangusa bangili mliyomletea ya posa kwa pamba yenye dawa, na pamba ikageuka rangi ya waridi. Akasema, "Mzee, huu si ukoma. Bangili hii ina madini ya nikeli, na ngozi ya binti yako inayakataa. Ivueni, atapona."

Nilimshukuru Mungu palepale. Dada yetu Mwanaamina akanuna: "Bangili ya posa haivuliwi kabla ya ndoa. Huyo daktari ameolewa lini?" Nikaivua hivyo hivyo.

Leo asubuhi nimemkuta Tatu ameizungushia kitambaa, ameivaa tena. Nimemkemea. Amenijibu kwa adabu, "Baba, ya Kibwana siivui."

Basi mlete mwanao upesi, aje aivue mwenyewe.

Wasalimie wote hapo Mlandizi.

Kaka yako,
Mwinyijuma