Mkuyu Ulioupanda kwenye Tuta

Mama Neema, mke wangu,

Lambo linatolewa maji. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazungukazunguka, na wewe unanijua. Bomba la chini limefunguliwa tangu juma lililopita, maji ya mwisho yanateremka kwenye mfereji kuelekea mtoni, na wafugaji wamesimama juu ya tuta na fimbo zao wakiyatazama yanavyokwenda. Kiangazi ndiyo kwanza kinaingia. Na aliyesema yatolewe ni mimi.

Situlii. Nakaa barazani, nanyanyuka, nafika mlangoni, narudi. Neema ananikemea, "Baba, hebu kaa, moyo wako huo." Alinipeleka Mikumi kwa daktari, tukaambiwa moyo umechoka na hautarudi ulivyokuwa. Kwa hiyo naandika haraka, mwandiko utauvumilia.

Ni mkuyu wako. Umekuwa mkubwa tangu ulipotuacha. Wanawake wakitoka kuteka maji hutua ndoo pale kivulini, na watoto wao wanapaita kwa Mama Neema kana kwamba bado unaishi pale. Mizizi yake imepita katikati ya tuta. Chini, upande wa mashamba, maji yalianza kutoka kidogo kidogo, meupe. Sikushtuka sana, maana tuta la udongo halikosi kutoa jasho. Kisha yakaanza kuwa na tope. Maji yenye tope yakitoka chini ya tuta maana yake yanakuja na udongo wa ndani. Yanajichimbia njia. Mvua kubwa ikilikuta lambo katika hali hiyo, nyumba zote za bondeni zitaamka hazipo.

Vijana walidhani ni kuukata tu, waende zao. Nikawaambia mti uliokatwa ni mbaya zaidi: mizizi inaoza, inaacha matundu, maji yanapata mabomba ya bure. Lazima lambo likauke, tuta lifumuliwe pale, mizizi itolewe yote, lijengwe upya.

Unakumbuka nilivyokuchorea mabwawa kwa kijiti pale uani, tulipohamia Rudewa? Nikakuchorea ukuta wa zege unaosimama kwa uzito wake tu. Nikakuchorea mwingine uliopinda kama upinde, unaosukuma nguvu ya maji kwenye miamba ya kushoto na kulia. Nikachora na wa mawe yaliyorundikwa. Ukauliza, "Na letu?" Nikasema la udongo. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Kumbe umesoma kote huko ili uje kurundika udongo!"

Nilinuna. Nikakueleza kwamba huku tambarare hatuna mwamba wa kuegemea, ukuta mzito ungedidimia na kupasuka, lakini udongo huinama pamoja na ardhi. Nikakueleza habari za kiini cha udongo wa mfinyanzi katikati, kilichoshuka hadi ndani ya mtaro wa msingi. Nikakueleza na utoro wa maji, ule mfereji wa pembeni wa kutolea maji yaliyozidi, ili mafuriko yapite pale, yasipande juu ya tuta na kulila. Ulisikiliza yote. Kisha ukasema, "Haya, Injinia, chakula kinapoa."

Na mashine ya kushindilia udongo ilipoharibika, Mzee Loserian akaleta ng'ombe wake. Tukamwaga udongo tabaka moja jembamba, tukaunyunyizia maji kiasi, usiwe vumbi wala uji, ng'ombe wakapitishwa juu yake wakienda na kurudi mpaka ukawa mgumu. Wakulima waliokuwa wakizilaani kwato zile kwenye mahindi yao walisimama wakazipigia makofi. Loserian akawatania, "Leo mnazipenda? Kesho nitazileta shambani." Hata wewe ulicheka.

Ulikuja na tawi lako lambo lilipojaa kwa mara ya kwanza, umelifunga kwenye gunia bichi. Kwenu Mamboya hakuna anayeugusa mkuyu wa chemchemi, maana ndio unaoshika maji, na maji hayajawahi kukauka. Ukaniambia, "Chemchemi ina mkuyu wake, lambo likae uchi?"

Nilijua. Hilo tulifundishwa mapema kabisa: tuta huota nyasi, mti hapana. Kinachofaa kwenye chemchemi, ambako ardhi imejishika yenyewe, hakifai kwenye udongo uliorundikwa na watu. Lakini ulikuwa umeacha baridi ya milimani kwenu ukanifuata kwenye joto hili, na hukuwahi kuniomba kitu. Nikachukua jembe. Shimo lile nililichimba mimi, mke wangu, wewe ulishika tawi tu. Na Bi Asha rafiki yako alikuwa pale, na ndoo ya maji ya kumwagilia.

Sasa sikiliza nililofanya.

Kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti aliuliza mti huu uliotuponza ulipandwa na nani. Watu wamekasirika, Mama Neema. Wafugaji watapeleka mifugo mbali, na wakulima wanaogopa njia watakayopita. Wote wananitazama. Nikasema, "Marehemu mke wangu. Hakujua." Nyuma kule mtu akasema, "Mambo ya wanawake haya," wakacheka. Bi Asha akasimama. Akauliza kwa upole tu, "Na wewe Injinia, siku ile ulikuwa wapi?"

Nikasema, "Sikuwepo."

Alinitazama. Akafunga upya kanga yake kiunoni, akaketi. Angeweza kunivua nguo mbele ya kijiji kizima, hakufanya hivyo. Tangu hapo akipita anasema, "Shikamoo, Injinia." Naitikia, "Marahaba." Haulizi nimelalaje. Haulizi dawa. Anapita.

Na kisimani wanawake sasa wanalisema jina lako kwa namna nyingine. Neema amelisikia. Alirudi amevimba macho, akaniuliza, "Baba, kweli mama ndiye aliyetuharibia lambo?" Nikamwambia aniletee maji ya kunywa.

Kesho wanaanza kuung'oa mkuyu. Loserian ameahidi ng'ombe wa kukanyaga tabaka jipya kabla hajawahamisha. Nilikusudia kwenda kusema ukweli pale pale, mbele ya watu wote, kabla jembe halijagusa udongo. Lakini asubuhi ya leo pumzi ilikata nikiwa natoka chooni, nikashika ukuta. Siiamini tena kesho. Na hata nikifika, sauti yangu haivuki watu wa mstari wa mbele.

Kwa hiyo nimemwita Neema, nikamwambia yote: shimo, jembe, mkutano. Alivaa kandambili, akaenda kumwita Bi Asha. Nimemwomba Neema asimame kesho aseme kwa niaba yangu, na Bi Asha athibitishe, maana wao wakisema kijiji kizima kitasikia. Mimi wakinibeba nitakuwa nimekaa pale wanione.

Lala salama, mwenzangu. Nakuahidi jina lako litatoka kwenye tuta lile kabla ya mizizi. Nawasikia uani. Bi Asha anabisha hodi, na leo sitamkaribisha kiti kabla sijasema.

Mumeo