Onyo la Mkaa Lisilo na Jina

Mjukuu wangu Nkwimba,

Marahaba. Hapa Didia hatujambo, bibi yako anavuna dengu. Umeuliza kama uiamini ensaiklopidia ya mtandaoni, maana waandishi wake hawajitaji.

Ujanani, nikiwa mchimbaji hodari kuliko wote Katoro, tulikuta ubao kwenye shimo letu la dhahabu umeandikwa kwa mkaa: "Msishuke, nguzo zimeoza." Jina hakuna.

"Mwoga huyo, anajificha," wenzangu wakacheka.

Mimi niliyeishia darasa la pili nikachoma nguzo kwa kisu. Kikazama kama kwenye ugali.

"Ngosha, mwanaume mzima unaogopa mti?" wakanitania.

Nikakaa mlangoni pa shimo kuwazuia, hakushuka mtu. Jioni shimo likaporomoka lote.

Aliyeandika simjui hadi leo. Basi na hiyo ensaiklopidia, chini ya ukurasa wanaonyesha maneno yalikotoka. Huko ndiko uchome kisu. Wasipoonyesha, usishuke, hata ukiambiwa ameandika profesa.

Babu yako