Baharanyi amemutoa Nsimire ndani ya pango

Laurence, acha yote, soma hii. Baharanyi amemufukuza Nsimire mu muchezo wa telefone. Sasa hivi!

Unajua Nsimire, dada yangu, ameanza kucheza juzi tu. Leo wameingia watu watano ndani ya lile pango la mazimwi. Kabla hata asome namna ya kushika upanga, wengine wameshakimbia mbele. Mazimwi yanamurukia yeye peke yake, na Baharanyi, mukubwa wa kundi, anapiga makelele: "Usisome, kimbia! Mwenye anachelewa tunamuacha!"

TUNAMUACHA. Baharanyi njo anasema vile!

Nsimire akamujibu polepole: "Siku tulikimbia volkano, mama yako alichoka pa njia ya Sake. Nani alimungojea? Si ni sisi?"

Wote wanne walisikia.

Kisha telefone ikaandika: umetolewa kwenye kundi. Pa mulango wa mwisho kabisa! Mutu bila haya ule!

Ila Baharanyi hakujua sauti ya telefone ilikuwa juu, hapa salon ya nyumba yetu. Na mama yake ako hapa kwetu tangu asubuhi, anachambua maharagi na Mama.

Ameweka sahani chini. Ameuliza: "Ule aliongea ni mutoto wangu?"



Sasa anavaa kamambili zake miguuni, anaenda kumutafuta.